Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi: Mto Zigi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wageni wote, shikamooni. Tumepewa dakika chache kwahiyo tutaongelea kitu kimoja tu, mto Zigi, ule unaotunywesha hapa Tanga mjini.

Mheshimiwa, muulize mwanafunzi wa Tanga akutajie mito, atataja Pangani, Rufiji, Ruvuma mpaka Nile huko, Zigi hamna. Na akiutaja anauchanganya na Mkulumuzi, ule unaopita kwenye mapango ya Amboni, wakati ni mito miwili tofauti ila yote inamwaga maji ghuba ya Tanga. Zigi unaanzia juu kule Amani, Usambara Mashariki, unateremka msituni, unapokea maji ya mto Kihuhwi, unakuja mpaka bwawa la Mabayani lililojengwa 1978, hapo maji yanavutwa yanasafishwa ndo yanafika bombani kwetu, na yanayobaki yanaenda zao kwenye mikoko na baharini.

Sasa kuna hili la jina. Vitabu na ramani nyingi zimeandika Sigi. Aliyeandika hivyo ni Mjerumani enzi za ukoloni, ndo alofungua kituo cha utafiti Amani 1902 na baadaye akajenga kareli kadogo kutoka Tengeni mpaka Zigi kushushia mbao. Kwa lugha yake S ikianza neno na mbele yake kuna irabu inasomwa Z, kwahiyo yeye akiandika Sigi anatamka Zigi kama wenyeji tu, waliokuja nyuma yake wakakopi herufi sauti wakaiacha. Mpaka leo ukisachi intaneti kwa Z unapata habari nusu, kwa S nusu nyingine, tukipewa kazi ya jografia tunabishana kumbe mto ni uleule. Sisi tunaandika Zigi, ndivyo watu wa huko wanavyouita.

Mheshimiwa, masika mto unakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Chota maji yake kwenye ndoo jioni, asubuhi chini unakuta tope laini jekundu, hilo ni shamba la mtu wa mlimani. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka ukingoni zisiguswe, lakini kuna sehemu magimbi na mahindi yanagusa maji kabisa, na wachimba dhahabu nao waliwahi kuvamia huko juu. Mkulima hatumlaumu sana jamani, naye ana watoto wa kusomesha. Ila mwaka 2024 mamlaka yetu ya maji ilitoa hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma, tukashangilia wote, sasa mabomba mapya yakija yakute tope?

Maombi yetu ni haya. Bango la jina darajani barabara ya Horohoro, na liandikwe kwa Z tafadhali. Viriba na mbegu za miti ya asili tuanzishe kitalu hapa shuleni, tugawane na shule za huko juu. Na safari ya siku moja Amani, lango la hifadhi ya msitu wa Amani liko hapohapo Zigi palipokuwa na stesheni ya ile reli, tukauone mto ukiwa bado msafi. Basi la shule lipo na dereva yupo mheshimiwa, tunaomba mafuta tu.

Tunaomba kuwasilisha.