Barua kwa mwanangu: Vermont msimu wa shira ya mepo

Mwanangu Zuhura,

Salaam kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu wangu. Umeuliza mtoke Boston lini mwende jimbo la Vermont mkalale kwenye nyumba ya wageni ya shamba, watoto waone shira ya mepo ikipikwa, yaani utomvu mtamu wa mti wa mepo (maple) unaochemshwa hadi uwe mzito. Anayejua siku ni mti wenyewe. Utomvu hutoka pale tu usiku unaposhuka chini ya nyuzi 0 na mchana ukafika kama nyuzi 4 hadi 7. Mti ukiganda hunyonya maji kutoka mizizini. Jua likiuyeyusha, shinikizo hupanda ndani ya shina na utomvu ukasukumwa nje kwenye tundu. Baridi ikikaza mchana kutwa, hupati kitu. Usiku usipoganda siku kadhaa mfululizo, hupati pia. Kwa hiyo lenga nusu ya pili ya Machi, wakati ambapo wapika shira wengi hufungua mabanda yao kwa wageni, lakini usilipe pesa isiyorudishwa kabla hujauona utabiri wa hali ya hewa.

Ukipiga simu, usiulize kama wana wikendi ya mepo. Wanayo wengi, na wakati mwingine ni pankeki tu na mishumaa yenye harufu. Uliza kama wanachemsha wenyewe au wana jirani anayechemsha, na kama tarehe inasogezwa utomvu ukigoma. Asubuhi ya safari piga tena. Utomvu hauwekeki, huchacha, ndiyo maana hupikwa siku ile ile hata ikifika saa sita usiku. Ukiona mvuke mzito juu ya paa la banda, wako kazini.

Uliza na njia. Barabara nyingi za huko hazina lami, na theluji ikiyeyuka juu ya udongo ambao chini bado umeganda, maji hayana pa kwenda. Ramani ya simu haijui tope. Chukueni mabuti ya mpira, na kwenye tope mwendo uwe mmoja bila kusimama.

Pengine watoto wataachiwa mti wa kugema. Hakuna kupanda kama kwenye mnazi, hutobolewa shina. Mti uwe na kipenyo cha sentimita 25 au 30 kwenda juu. Tundu ni la milimita 8, kina sentimita 4 hadi 5, likiinama kidogo kuja nje ili utomvu uchuruzike. Unga wa mbao ukitoka mweupe, sawa. Ukitoka wa kahawia umegusa mbao iliyokufa, mara nyingi karibu na kovu la zamani. Mrija wa kutolea utomvu ugongwe taratibu, kwani ukishindiliwa mbao hupasuka na utomvu kuvuja pembeni.

Bandani ndiko kwenye utamu. Utomvu ni kama maji, sukari yake karibu asilimia 2. Kanuni ya wapika shira ni kugawa 86 kwa asilimia hiyo: unahitaji lita 43 kupata lita moja ya shira. Mgema wa pwani akisifiwa hulitia tembo maji. Huyu wa Vermont kazi yake yote ni kuyatoa. Shira imeiva ikizidi kiwango cha kuchemka kwa maji kwa nyuzi 4, yaani karibu 104, ila maji yenyewe hayachemki kwa joto moja kila mahali wala kila siku, kwa hiyo mpishi makini huyapima kwanza. Shira nyepesi huchacha chupani. Iliyozidi huganda sukari chini. Povu likipanda, tone la malai hulishusha. Kisha huchujwa ingali moto kuondoa mchanga wa madini. Usijaribu jikoni kwako, mvuke wote ule utabandua rangi ukutani.

Watoto watapenda ya theluji: shira huchemshwa tena hadi nyuzi 112 au 113, ikamiminwa kwenye theluji safi iliyoshindiliwa. Ikizama, haijaiva, ikivunjika kama peremende, imepita. Ngojeni ipoe, inaunguza vibaya. Huliwa na donati na tango la achari, na usilidharau hilo tango, bila lile sukari inakinaisha baada ya vijiko viwili.

Kununua, zipo rangi nne na sukari ni ile ile. Nyepesi ni ya mwanzo wa msimu. Nyeusi ni ya mwishoni, joto linapoongeza bakteria kwenye utomvu. Kwa uji na chai chukua nyeusi. Machipukizi yakishavimba, shira hupata ladha mbaya, basi onja kabla ya kulipa. Chupa ikifunguliwa ikae kwenye friji, la sivyo huota ukungu. Ya kumpelekea bibi kule Tanga itie kwenye begi la chini ya ndege, maana zaidi ya mililita 100 haipiti mkononi. Au mnunulie sukari kavu ya mepo, hiyo haimwagiki.

Mamako