Mwanafunzi wa ng'ambo asome mkataba kabla ya kutazama picha za chumba

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wanafunzi wanaokwenda kusoma ng'ambo huliacha hadi dakika za mwisho, nalo ni kupanga nyumba kwa pamoja.

Nilipokuwa masomoni nilipanga na wenzangu watatu ambao sikuwahi kuwaona kabla ya siku ya kukabidhiwa funguo. Nilikuwa nimezichunguza picha za chumba, nikauliza umbali wa kufika chuoni, nikapiga hesabu ya kodi na kutia saini. Sentensi moja niliipita kana kwamba hainihusu, ile iliyosema kwamba wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Muhula wa pili mwenzetu mmoja alikatiza masomo akarudi kwao, akaacha chumbani godoro lisilo na shuka na chaja mbovu iliyoning'inia ukutani. Haikupita muda barua ya mwenye nyumba ikafika, ikitudai sisi watatu kodi nzima pamoja na fungu lake. Nilikwenda kulalamika kwa mshauri wa wanafunzi, naye bila kusema neno akaweka kidole juu ya sentensi ile ile. Tulimlipia mwenzetu miezi miwili hadi tulipompata mpangaji mwingine aliyekubaliwa na mwenye nyumba.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama chumba kina dirisha kubwa, mwanafunzi aulize kama kila mmoja ana mkataba wake au nyumba nzima ina mkataba mmoja. Mabweni kwa kawaida hutoa mkataba wa mtu mmoja mmoja, ilhali nyumba za watu binafsi mara nyingi huandikiwa kundi zima. Mzazi au ndugu anayeombwa kuwa mdhamini naye ausome, kwa sababu asipowekewa kikomo kwa maandishi huenda akajikuta amewadhamini hata vijana asiowajua. Na pale mwanafunzi mwenzako anapokupangishia chumba chake, dai kuona kibali cha maandishi cha mwenye nyumba.

Sheria za nchi mwenyeji nazo hufaa kujulikana mapema. Katika Uingereza, eneo la England, tangu 2019 amana, yaani fedha ya dhamana anayoishikilia mwenye nyumba, kwa nyumba nyingi za kupanga haipaswi kuzidi kodi ya wiki 5, na kwa upangaji wa kawaida mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka katika mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali. Ujerumani huruhusu amana isiyozidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Huko pia mgeni hutakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, akiwa na karatasi iliyosainiwa na aliyempa makazi. Anayekuambia kwamba chumba kipo lakini karatasi hiyo hatoi, mwache na chumba chake.

Kuhusu matapeli sitasema mengi. Mwenye nyumba ambaye daima yuko safarini, na ambaye ataleta ufunguo kwa posta ukishatuma amana, hana nyumba.

Ninachoomba ni kwamba vyuo vinapotuma barua ya udahili viambatishe pia nakala ya mkataba wa upangaji unaotumika sana mahali vilipo, ikiwa na maelezo ya vifungu vya uwajibikaji wa pamoja na udhamini, ili mwanafunzi ausome akiwa bado nyumbani, pamoja na yule atakayetakiwa kumtilia saini.

Wako,
Mhitimu aliyesoma ng'ambo