Huyo unayeuziwa si kuku mwitu

Mhariri,

Huku Gede kuna biashara inayoendeshwa kwa jina la "kuku mwitu". Kijana anakuletea ndege kamfunga miguu kwa kamba ya katani: "Nunua, mama, huyu hana mwenyewe." Bei ni ya kutupa, na wengi wetu hatumtazami mara mbili.

Kuku mwitu kwetu hayuko. Unayeuziwa ni kuku wa mtu, au ni kwale au kanga, ndege wa porini, aliyetegwa. Asili yake ni misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, na pwani hii alifika akiwa kashafugwa. Tulio nao ni kuku wa watu waliozoea kulala mwembeni na kutagia vichakani, au walioachwa mwenye nyumba alipohama.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni rangi. Kuku waliojizalia ovyo hawafanani: huyu mweusi, yule wa madoadoa, mwingine kishingo, asiye na manyoya shingoni, na ukiwa Lamu hukosi mwenye damu ya kuchi, aina ya kuku mrefu, kasimama wima. Kundi la kwale au kanga limeshonewa sare moja. Ukiletewa watano waliofanana unyoya kwa unyoya, hao wametegwa msituni.

Kipi, ule mwiba ulio nyuma ya mguu, kisikudanganye, kwale dume naye anacho. Wala mkia ulioinuka: yule kwale mdogo mwenye kishungi hutembea kauinua juu, na watu humdhania kijogoo. Tazama kichwa. Kuku ana undu wa nyama utosini na vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo, hata jike, ingawa vyake ni vidogo. Kwale hana undu. Kwale wa shingo njano koo lake ni tupu, ngozi ya manjano, na ngozi nyekundu kuzunguka macho. Kanga wa kawaida ana pembe ya mfupa utosini. Kororo, kanga wa msitu wa Arabuko-Sokoke, ana shungi la manyoya meusi yaliyojikunja. Lamu ya bara yupo pia kanga wa kichwa kipara na kifua cha buluu kali. Huyo sijui nani atamwita kuku, lakini njaa ya pesa haina haya.

Kwenye vifaranga ndipo hata wafugaji hukwama. Watu huokota mayai ya kanga porini, madogo, magumu, yaliyochongoka upande mmoja, wakamwatamisha kuku. Ya kuku huanguliwa siku ya 21. Ya kanga huchukua 26 hadi 28, na kuku maskini anaendelea kukalia tu. Hutoka vifaranga wa michirizi ya hudhurungi, mdomo na miguu ya rangi ya chungwa, nao humwandama uani kutwa. Ukiwakuta hapo utaapa ni wake.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kuwatega ndege hawa bila kibali, na hata kufuga kanga kunahitaji kibali cha KWS, Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya. Kwa hiyo muuzaji aulizwe palepale: kama ni kuku, umemtoa kwa nani? Kama ni kwale, kibali kiko wapi?

Ombi langu kwako, mhariri: chapisheni picha za rangi za kwale, kanga na kororo ukurasa mmoja na kuku wa kienyeji, kubwa kiasi cha kubandikwa dukani na kwenye ofisi ya chifu.

Mfugaji wa kuku,
Gede, Malindi