Mipaka ya vijiji isafishwe kwa kompyuta, isiamuliwe na kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mafaili ya ramani yenye mipaka ya vijiji na kata zetu, ambayo siku hizi yanapita mkono kwa mkono kati ya halmashauri, watafiti, miradi ya upimaji na watu binafsi wanaotengeneza ramani. Ni jambo jema kwamba mafaili hayo yanapatikana. Linalonisumbua ni namna yanavyosafishwa kabla ya kutumika, kwa kuwa katika usafishaji huo ardhi ya watu huhama kutoka kijiji kimoja kwenda kingine bila mtu yeyote kukusudia na bila wenye ardhi kuambiwa.

Kwa msomaji asiyefanya kazi hii, nieleze kwanza tatizo linapoanzia. Katika data za vekta, kila kijiji huhifadhiwa kama poligoni, yaani mfululizo wa nukta zenye namba za mahali zilipo, zilizounganishwa kwa mistari mpaka umbo likafunga. Vijiji viwili vinavyopakana vina mpaka mmoja tu ardhini, lakini katika faili la kawaida mpaka huo huandikwa mara mbili, mara moja kwa kila kijiji. Nukta za upande huu zisipolingana na za upande ule, hutokea ama pengo ambalo si la kijiji chochote, ama mwingiliano, yaani kipande kilichomo ndani ya vijiji vyote viwili. Zahanati iliyoangukia kwenye pengo haitahesabiwa popote pale kompyuta itakapoulizwa kila kijiji kina zahanati ngapi, na iliyoangukia kwenye mwingiliano itahesabiwa mara mbili.

Kutolingana huko kuna sababu nyingi, na si zote ni uzembe. Kifaa cha GPS cha mkononi kwa kawaida hukosea mita kadhaa hata kikishikwa na mtu makini. Mpaka ulionakiliwa kutoka kwenye ramani ya karatasi ya kipimo cha 1:50,000 una shida yake: mstari wenye unene wa nusu milimita kwenye karatasi hiyo unafunika mita 25 ardhini, na wachoraji wawili wanaweza kuufuata kwa uaminifu kila mmoja kwenye ukingo wake. Pale mpaka unapofuata mto, mpimaji wa kijiji cha mashariki hutembea ukingo wa mashariki, na wa kijiji cha magharibi, pengine miaka kadhaa baadaye, hutembea ukingo wa magharibi, hivyo mto wenyewe pamoja na bustani za mboga za kandokando yake vinabaki ndani ya pengo.

Mtaalamu akifungua faili la namna hii huona mamia ya vipande vyembamba kama nyuzi, na jambo la kwanza linalomjia ni kuvifuta. Programu zipo na zinafanya kazi kwa sekunde chache. Katika QGIS, mojawapo ya programu za kutengeneza ramani, kipande kilichochaguliwa huunganishwa na jirani mwenye eneo kubwa zaidi, au mwenye eneo dogo zaidi, au yule anayepakana nacho kwa mstari mrefu zaidi, kutegemea mtumiaji alivyoamuru. GRASS, programu nyingine ya aina hiyo, nayo huondoa maeneo yaliyo chini ya ukubwa uliowekwa, kwa kufuta mstari mrefu zaidi unaoyatenga na jirani. Kanuni hizi ni nzuri kwa ramani ya aina za udongo au za uoto. Kwa mipaka ya vijiji, kanuni ya kwanza maana yake ni kwamba kila penye utata kijiji kikubwa hupewa na kijiji kidogo hunyimwa.

Mtu anaweza kusema kwamba nyuzi hizo ni nyembamba mno kustahili barua gazetini. Tupige hesabu. Ukanda wenye upana wa mita 5 tu, ukiendelea kwa kilomita 4 za mpaka, una mita za mraba 20,000, ambazo ni hekta 2, karibu ekari 5. Familia nyingi vijijini zinaishi kwa shamba dogo kuliko hilo. Kwenye kioo cha kompyuta, wilaya nzima ikionekana kwa pamoja, ukanda huo haujai hata unene wa mstari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua, pamoja na njia nyingine, ardhi ambayo mipaka yake imekubaliwa kati ya halmashauri ya kijiji na halmashauri za vijiji vinavyopakana nacho. Makubaliano hufanywa na watu waliosimama mahali pale, wakionyeshana mbuyu, korongo au jiwe la mpaka. Faili linaweza tu kuyaandika vizuri au vibaya. Haliwezi kuyafanya kwa niaba yao, na thamani chaguomsingi, yaani ile iliyowekwa tayari na mtengeneza programu, haiwezi kabisa.

Sipingi usafishaji. Napenda ufanywe, tena kwa bidii kuliko sasa, ila kazi mbili zinazochanganywa zitenganishwe. Kazi ya kwanza ni kuondoa kasoro za uchoraji ambazo hazihusu ardhi ya mtu: nukta iliyorudiwa mahali palepale, mstari uliopitiliza kidogo kwenye makutano, poligoni iliyojikata yenyewe kwa sababu nukta ziliandikwa kwa mpangilio usio sahihi. Hata hapa umakini unahitajika. Poligoni iliyojikata hufanana na namba 8, na programu inapopima eneo lake huhesabu tundu moja kuwa la kujumlisha na lingine kuwa la kutoa, hivyo jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Wengi hurekebisha kwa mbinu ya kuizungushia bafa, yaani ukanda wa kulizunguka umbo, ya upana wa sifuri, mbinu ambayo inaweza kulitupa tundu moja lote bila onyo lolote. Amri ya ST_MakeValid ya PostGIS, programu ya kuhifadhi data za ramani, kwa kawaida huyabakiza matundu yote mawili, na baada yake mtu bado anapaswa kuliangalia umbo kwa macho na kuulizia kumbukumbu za upimaji.

Kabla ya yote hayo, ijulikane kila faili limejengwa juu ya mfumo upi wa marejeo, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake. Ramani zetu za zamani zilifuata Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutumia WGS84, na nukta ileile ikisomwa kwa mfumo usio wake huhama takriban mita 300 katika eneo letu. Nimeona mafaili ambayo mipaka ya aina hizo mbili ilivutwa kwa nguvu mpaka ikagusana, kana kwamba ni makosa madogo ya mkono, wakati tiba yake ilikuwa kubadilisha mfumo kwa kanuni zinazojulikana.

Kazi ya pili ni mapengo na miingiliano inayobaki baada ya hapo, na hiyo ndiyo isiyostahili kumalizwa ofisini. Kila kipande kipewe namba, kipimwe upana, urefu na ekari zake, kisha kipelekwe kwa halmashauri za vijiji vyote viwili. Vingi vitamalizwa kwa kikao kimoja, kwa kuwa wanakijiji wanaujua mpaka wao. Vichache vitafichua mgogoro wa kweli, na mgogoro huo ni afadhali uonekane kwenye ramani kuliko kufutwa. Mpaka ukishakubaliwa, uhifadhiwe kama mstari mmoja unaotumiwa na poligoni zote mbili. Faida yake huonekana hata pale ramani inapopunguzwa nukta ili iwe nyepesi kwenye simu: kila poligoni ikirahisishwa peke yake mapengo yanaweza kuzaliwa upya, lakini programu kama Mapshaper, inayoutambua mstari wa pamoja na kuurahisisha mara moja tu, huviacha vijiji vimeshikana.

Ombi langu kwa taasisi zote zinazotoa data za mipaka ni kwamba kila faili liambatane na maelezo mafupi kwa Kiswahili yakitaja mfumo wa marejeo, chanzo cha kila mpaka, umbali uliotumika kuvuta nukta pamoja, na orodha ya vipande ambavyo bado havijaamuliwa. Faili la awali nalo lihifadhiwe bila kuguswa, kwa sababu siku shauri litakapofikishwa mbele ya baraza la ardhi, litakalotakiwa ni ushahidi wa mahali mstari ulipokuwa kabla mtu yeyote hajausafisha.

Mpima ardhi,
Morogoro