Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: saa mbili za kunyonyesha bila mahali pa kukaa

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mshonaji katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam, mama wa mtoto wa miezi mitano.

Mwezi uliopita mwajiri wetu alituandalia bonanza la afya. Tuligawiwa fulana, tukakimbia, tukapimwa presha na sukari. Nilishukuru kwa dhati, maana wengi wetu hatupati nafasi ya kwenda kupima. Lakini siku hiyohiyo, kama kila siku tangu nitoke likizo ya uzazi, nilikamua maziwa chooni nimesimama, mlango nimeuzuia kwa mguu kwa sababu komeo limevunjika. Kisha nikayamwaga.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa likizo ya siku 84, yaani wiki 12. Kliniki tunaambiwa mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita. Pengo hilo sheria imeliona, ndiyo maana inaturuhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ila mimi nakaa Mbagala na kiwanda kiko Barabara ya Nyerere. Daladala za kwenda na kurudi zinamaliza saa zote mbili kabla sijampakata mtoto. Kukamua na kuhifadhi nako hakuwezekani: jokofu hakuna, na kwa joto la mji huu maziwa hayafiki jioni. Nisipokamua, matiti yanajaa na kuuma, blauzi inalowa mbele ya msimamizi. Mwanangu mchana anapewa ya kopo.

Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, chenye mahali pa kunawa, jokofu, meza ndogo na viti. Hata kona ya stoo yenye mlango unaofungika ingetutosha kuanzia.

Mheshimiwa, wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija huangalia mitungi ya kuzimia moto. Naomba uwaagize waulize pia: mama anayenyonyesha anakaa wapi? Na jibu liingie kwenye ripoti.

Jumatatu mwenzangu wa cherehani ya jirani amerudi kutoka likizo ya uzazi. Aliniuliza akamulie wapi. Nilimpeleka kwenye kile choo, nikamshikia mlango.

Mshonaji, Mbagala