Ndoo ya maji ya kuoga

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Swali lako lilinichekesha kwanza, kisha likaninyima usingizi: ziwa likipata joto, si kila kitu kitakua haraka na samaki waongezeke?

Chukua ndoo ya maji baridi, mimina maji ya moto juu yake taratibu, usikoroge. Tumbukiza mkono: vidole vimepoa, kiwiko kinaungua. Ziwa nalo ni hivyo hivyo. Maji ya joto ni mepesi, hukaa juu, ilhali chakula cha mwani (vijimea vidogo sana vya majini), yaani fosforasi na nitrojeni za kila kilichokufa kikazama, kiko chini. Mkorogaji ni upepo, na tabaka la juu likizidi kuwa jepesi, upepo hushindwa kukoroga. Tropiki ndiyo kabisa: maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 26, uzito unaopungua ni mara 30 hivi ya ule unaopungua yakipanda kutoka 4 hadi 5. Nyuzi moja tu!

Ndiyo maana Ziwa Tanganyika linatajwa sana. Kina chake hufika mita 1,470 hivi, na huko chini hakuna oksijeni kabisa. Kusi ya Mei hadi Septemba ndiyo huinua virutubisho. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa limepata joto na mwani umepungua. Mwani ukipungua, vidudu vinavyoula hupungua, dagaa hukosa vidudu, na migebuka hukosa dagaa.

Kinachoniuma zaidi ni kalenda. Katika Ziwa Washington, Marekani, kati ya 1962 na 2002 mwani wa majira ya kuchipua ulianza kuwahi kwa siku 20 hivi. Viroboto wa maji, vidudu vinavyoula mwani huo, hawakuwahi pamoja nao. (Niliwahi kumtazama mmoja kwa hadubini: moyo unadunda ndani ya mwili unaopitisha mwanga, utumbo wote kijani kwa mwani.) Sasa wanafika mezani vyombo vimeshaoshwa.

Mabwawa yana lao. Sakafuni oksijeni ikiisha, tope huachia fosforasi, na mwani wa bluu-kijani, unaopenda joto na kujua kuelea, hutanda juu. Utaona kijani ukadhani ni neema, kumbe vidudu vingi haviuwezi. Wakati huo huo samaki anahitaji oksijeni zaidi, na maji ya joto hubeba kidogo.

Ukijaribu ile ndoo, tia rangi kwenye yale ya moto, halafu puliza juu. Niandikie umepuliza mara ngapi.

Wako,
Salim