Zile chupa ulizomtumia Salimu

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Mfuko uliompa dereva wa basi umefika salama, wifi yako aliupokea stendi. Ila zile chupa za virutubisho sikuruhusu zimfikie Salimu hapa wodini. Ziko kabatini kwangu, na nakuandikia usije ukadhani nimedharau jasho lako.

Mtu akimwagikiwa na mafuta ya chipsi kama yeye, akaungua asilimia 25 ya mwili, haiumii ngozi peke yake. Ini linavimba. Linapunguza kutengeneza albumini, ile protini inayobeba dawa nyingi kwenye damu, na kugeukia protini za kupambana na jeraha. Vimeng'enya vinavyovunja dawa navyo vinayumba, kwa hiyo kipimo kilekile cha jana leo kinaweza kumzidi. Jumatatu, baada ya kubadilishwa bandeji, mofini, ile dawa kali ya maumivu, ilimlaza hadi magharibi. Nilikaa kando ya kitanda na saa mkononi, namhesabia pumzi: 10 kwa dakika, baadaye 11. Je, kama angekuwa amemeza na vile vidonge vya "kusafisha ini", ningejuaje kilichomlaza? Nimesoma kibandiko chake: ni chai ya kijani iliyokolezwa, na hiyo imeshaumiza maini ya watu wasio na jeraha lolote. Vitamini A nayo ikizidi hujilimbikiza humohumo kwenye ini.

Sisemi virutubisho havina kazi. Yale maji yanayotoka kwenye kidonda yanaondoka na zinki, shaba na seleniamu. Zinki na vitamini C anapewa hapahapa wodini, kwa kipimo, na vinaandikwa kwenye faili lake. Ule unga wa glutamini (kijenzi kimojawapo cha protini) ulioniulizia, usiununue. Ulijaribiwa kwa wagonjwa wa moto zaidi ya 1,200 katika nchi 14, majibu yakatoka mwaka 2022: waliopewa hawakutoka hospitali mapema kuliko wenzao wasiopewa.

Ninachokuomba ni chakula. Parasetamoli anayokunywa huacha sumu kidogo, na ini huizima kwa glutathioni, ambayo hutengenezwa kutokana na protini tunazokula. Mgonjwa asiyekula, akiba hiyo inamkauka. Salimu ana kilo 60, tunataka apate gramu 90 hadi 120 za protini kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Uji mtupu anaoletewa asubuhi haufiki popote! Mwambie wifi autie maziwa na karanga za kusaga, mchana alete dagaa na maharage. Balungi asilete, linazuia kimeng'enya kimojawapo cha kuvunja dawa.

Na chochote mtakachotaka kumpa, hata kama ni mlonge wa bibi, nionyesheni kwanza mimi au daktari. Msimfichie chini ya mto, tafadhali.

Jana jioni alikula mayai mawili, akauliza kama kuna la tatu. Likapatikana.

Msalimie mama.

Rafiki yako,
Zuhura